Mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga kamera ya nje isiyo na waya, kwa nyumba za Uganda

Mvua za Machi zikianza tu, simu yangu haipumziki. "Fundi, kamera imezima." "Fundi, mwizi kapita mbele ya kamera lakini uso hauonekani." "Fundi, niko Mbarara, nafungua kuangalia nyumbani, inaniambia kamera haipo hewani." Kazi yangu ni kufunga kamera Kampala na vitongoji vyake. Nimepanda ngazi za kutosha kujua kwamba mara nyingi kamera yenyewe si mbovu. Ilinunuliwa kwanza, mahali pa kuifunga pakatafutwa baadaye.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Tunapima, kisha tunanunua. Hatua nne za kwanza hazikugharimu chochote ila jioni moja na usiku mmoja, na ndizo zinazookoa pesa.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa kupima, kabla hujaenda dukani:

- tepu ya kupimia, karatasi na kalamu
- simu janja yenye programu ya kupima nguvu ya Wi-Fi (za bure zipo nyingi)
- laini mbili za mitandao tofauti, kwa mfano MTN na Airtel, zote zikiwa na bando kidogo
- mtu wa kusimama getini wewe ukiangalia

Kwa kufunga, baada ya kununua: drili na biti ya milimita 6, plagi za ukutani na skrubu, silikoni ya kuziba, kadi ya kumbukumbu, kinga ya umeme unaoruka, na ngazi imara yenye mtu wa kuishika. Usipande ngazi peke yako. Kamera hupatikana nyingine, mgongo haupatikani.

## Hatua ya 1: Andika swali la kila mahali

Toka nje ya geti saa mbili usiku, uitazame nyumba yako kama mtu asiyekutakia mema. Utaona penye giza, ukuta mfupi na pale pikipiki inapolala. Andika kila mahali kwenye karatasi, na mbele yake uandike swali moja kati ya haya mawili: *kuna mtu?* au *huyu ni nani?*

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kamera inayokuonyesha kwamba kuna mtu uani si lazima ikuonyeshe uso wake. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30, na hakuna kamera moja ya kawaida itakayokupa nyuso za watu kila pembe ya eneo hilo. Anayekuahidi hivyo anauza.

Hajati mmoja wa Kibuli aliibiwa pikipiki ya mwanawe. Kamera alikuwa nayo, imefungwa juu kabisa chini ya paa, mita 11 kutoka getini. Tuliketi sebuleni kuangalia. Koti tuliliona, kofia tuliiona, hata viatu vyenye mstari mweupe. "Mkuze kidogo, fundi," akaniambia. Nikamkuza. Uso ukawa vigae vya kijivu. "Tena." Vigae vikawa vikubwa zaidi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa nini dukani hawakumwambia.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye sehemu mbili hadi nne, kila moja na swali lake. Zikizidi nne, anza na geti na mlango wa nyuma.

## Hatua ya 2: Pima umbali wa uso

Pima kutoka mahali unapofikiria kuweka kamera hadi pale mtu atakaposimama. Usikadirie kwa macho.

Sasa hesabu ambayo sanduku la kamera halikwambii. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4 cha mwaka 2015, kilitaka pikseli 250 (vidoti vinavyounda picha) kwa kila mita ili umtambue mtu usiyemjua. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana. Gawa kwa 250, unapata mita 7.7. Maana yake, picha ikibeba upana unaozidi mita 7.7, uso wa mgeni umeshaanza kupotea.

Lenzi ya milimita 2.8, ambayo kamera nyingi huja nayo, hufungua takribani nyuzi 100. Inaufikia upana huo mita 3 tu mbele yake. Mita 10 mbele, uso mzima wa mtu umebaki na pikseli kama 13 kwa upana. Hivyo ndivyo vigae vya Hajati.

Kwa makadirio, uso utatambulika hadi umbali huu:

- 1080p, lenzi ya 2.8: mita 3
- megapikseli 4, lenzi ya 2.8: mita 4
- megapikseli 4, lenzi ya 4: mita 6
- megapikseli 4, lenzi ya 6: mita 10

Hizo ni hesabu za mchana. Usiku punguza, kwa sababu mtu anayetembea gizani huacha ukungu kwenye picha.

Kwa hiyo kama geti liko mita 10 kutoka nyumbani, una njia mbili: kununua lenzi nyembamba ya milimita 6, au kusogeza kamera hadi kwenye nguzo ya geti. Mimi huchagua nguzo kila inapowezekana. Ukaribu hushinda megapikseli.

Urefu nao una neno. Fundi wengi hupenda kupandisha kamera mita 4 au 5 ili isiibiwe. Matokeo yake unapata utosi na kofia. Kwa swali la *huyu ni nani*, weka kati ya mita 2.5 na 3. Kwa swali la *kuna mtu*, panda utakavyo.

Umefaulu ukiwa na namba ya mita mbele ya kila swali, na aina ya lenzi umeshaiandika.

## Hatua ya 3: Pima mtandao palepale kamera itakapokaa

Simama na simu mahali penyewe, si sebuleni karibu na ruta. Funga geti la chuma kwanza, maana usiku litakuwa limefungwa. Fungua programu ya kupima Wi-Fi na usome namba yenye alama ya kutoa. Ikiwa kati ya -50 na -65, uko salama. Ikifika -70, picha itakatikakatika. Ikivuka -75, usijidanganye.

Kinachoua Wi-Fi katika nyumba zetu ni chuma na maji: mabati, geti, nondo za dirishani, tangi la maji. Kabla ya kununua kifaa cha kusukuma mawimbi, hamishia ruta karibu na dirisha linalotazama getini, halafu upime tena. Mara nyingi hiyo inatosha.

Kamera nyingi za nje hutumia Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, na ndiyo inayopenya ukuta vizuri. Ruta za siku hizi huunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja, na kamera hukataa kuunganika. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uzitenganishe majina.

Kama huna intaneti ya nyumbani, usipange kutegemea hotspoti ya simu yako. Ukiondoka, mtandao unaondoka nawe, na ndiyo saa unayoihitaji kamera. Fikiria kamera inayoweka laini ya simu ndani yake. Lakini pima kwanza: weka laini zote mbili kwa zamu kwenye simu, palepale, saa mbili usiku mtandao ukiwa na watu wengi, na usome kasi ya *kupakia*, si ya kupakua. Kamera inatuma picha, haipokei. Unahitaji megabiti 2 kwa sekunde kwa kila kamera, kwa uchache.

Kuhusu bando, watu huogopa bure. Kurekodi kwenye kadi iliyo ndani ya kamera hakuli bando. Kutazama ndiko kunakokula: picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula kama megabaiti 450 kwa saa. Anayefungua mara tano kwa siku, dakika moja moja, hatumii kitu cha kumtisha. Anayeiacha wazi ofisini kutwa nzima ataumia.

Umefaulu ukiwa umejua kila sehemu itatumia Wi-Fi au laini, na laini ya mtandao gani.

## Hatua ya 4: Pima umeme na jua

"Bila waya" ni maneno yanayowaponza watu kuliko yote. Yanaweza kumaanisha mambo matatu. Kwanza, kamera ya Wi-Fi isiyo na waya wa picha lakini yenye waya wa umeme. Pili, kamera ya betri isiyo na waya wowote, ambayo hulala na kuamka mtu akipita. Tatu, kamera ya sola yenye laini ya simu. Mteja anaposema anataka ya bila waya, kichwani ana ya pili. Dukani mara nyingi anapewa ya kwanza, halafu jioni ananipigia kuuliza hiki kiwaya ni cha nini.

Soketi ikiwa karibu, chukua ya kwanza bila kusita. Inarekodi saa 24, haihesabu betri. Umeme ukikatika, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, ruta na kamera zote zinazima, kwa hiyo nunua betri ndogo ya akiba ya ruta, na nyingine ya kamera kama inatumia volti 12. Soma lebo kwa makini: betri iliyoandikwa mAh 8800 hupimwa kwa volti 3.7, si 12, kwa hiyo inabeba wati-saa 32 tu. Ruta inayokula wati 8 itakaa nayo saa tatu hivi, ukiondoa nguvu inayopotea njiani. Panga kwa saa hizo, si kwa namba ya sandukuni.

Kama hakuna umeme, tazama jua. Sisi tuko juu ya ikweta: jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, kaskazini kidogo mwezi wa Juni na kusini kidogo Desemba. Paneli inataka kulala karibu bapa, ikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe vumbi jekundu. Adui ni kivuli. Mfenesi ukifunika robo ya paneli, unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya umeme. Simama hapo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, uangalie kivuli kinaangukia wapi.

Na usikubali kamera ambayo paneli imegandishwa juu yake. Kamera inataka kukaa karibu na uso, paneli inataka kukaa juani, na sehemu hizo mbili hazikutani mara nyingi. Chukua yenye paneli ya pembeni na kebo ya mita 3 au zaidi.

Ukiambiwa kamera ya sola inarekodi usiku na mchana bila kukoma, piga hesabu palepale dukani. Kamera inayokula wati 5 inataka wati-saa 120 kwa siku. Paneli ya wati 6, kwa saa 4 na nusu za jua kali, hutoa 27. Paneli ndogo hizo ni za kamera zinazolala na kuamka. Ukitaka kurekodi mfululizo kwa sola, hesabu paneli ya wati 60 na betri ya lithiamu ya volti 12 isiyopungua Ah 24, ili uvuke siku mbili za mawingu ya Aprili au Novemba.

Kamera ya kulala na kuamka usiielekeze barabarani. Kila boda boda inayopita itaiamsha, na betri itakwisha kabla ya Ijumaa. Vilevile kihisi chake cha joto humnasa haraka mtu anayekatiza mbele yake, na huchelewa kwa anayeijia moja kwa moja. Iweke pembeni mwa njia, si mwisho wa njia.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja kwa kila sehemu. Mfano: *Geti, huyu ni nani, mita 4, lenzi 2.8, megapikseli 4, laini, sola ya pembeni.* Karatasi hiyo ndiyo unayoenda nayo mjini.

## Hatua ya 5: Dukani

Ukifika William Street au Kampala Road, toa karatasi kabla muuzaji hajatoa sanduku. Kisha angalia haya.

Alama ya kuzuia maji. IP65 huvumilia mvua ya kawaida. IP66 hustahimili maji yanayopigwa kwa nguvu. Kwa ukuta usio na paa, dai IP66 au IP67. Adapta ya umeme haimo kwenye alama hiyo, itakaa ndani ya nyumba au kwenye boksi lisilopitisha maji.

Taa za usiku. Za nanomita 850 zinafika mbali lakini utaona vidoti vyekundu gizani. Za 940 hazionekani ila zinafika karibu. Zipo pia zenye taa nyeupe, zinazotoa picha ya rangi usiku. Mimi napenda hizo getini, kwa sababu koti la kijani hubaki la kijani mbele ya polisi. Sharti ujue kwamba taa nyeupe huita wadudu. Entebbe na Jinja, wadudu wa ziwani wakitoka, lenzi hufunikwa. Huko, funga taa ya kawaida mita mbili mbali na kamera, na taa ya kamera izime.

Picha zinakaa wapi. Kadi ikiwa ndani ya kamera tu, mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi. Kwa getini, chagua inayotuma vipande pia kwenye hifadhi ya mtandaoni, au inayorekodi kwenye kifaa kilichofichwa ndani ya nyumba. Uliza bei ya hifadhi hiyo kwa mwezi kabla ya kulipa.

Kadi yenyewe. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde hujaza gigabaiti 10.8 kwa siku, kwa hiyo kadi ya 128 inakupa siku 11 za kurekodi mfululizo. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kamera za ulinzi, na uijaribu kwenye kompyuta kwa programu kama H2testw. Kadi za bandia ni nyingi: zinasema 128, ndani zina 16, na utagundua siku ya wizi.

Kwa kamera ya laini, weka laini yako ndani yake *ukiwa bado dukani* na usiondoke mpaka uone picha kwenye simu. Baadhi zimetengenezwa kwa masafa ya nchi nyingine na hazitashika mtandao wetu hata ufanyeje. Ondoa namba ya siri ya laini kwanza. Chukua risiti yenye jina la bidhaa na muda wa dhamana.

## Hatua ya 6: Ijaribu mezani siku nzima

Usitoboe ukuta siku hiyo. Iwashe mezani, sasisha programu yake, iache usiku mzima, asubuhi utazame picha za saa nane za usiku. Kamera mbovu nyingi hujitaja ndani ya saa 24, na ni rahisi kuirudisha ikiwa haina alama za skrubu.

Wakati huohuo rekebisha saa. Nyingi huja na saa ya China, ambayo iko saa tano mbele yetu. Wizi wa saa tatu usiku utaandikwa saa nane usiku ya siku inayofuata, na mpelelezi atakuwa na haki ya kuukataa. Chagua Kampala au Nairobi, yaani UTC+3.

## Hatua ya 7: Funga

Mwambie mtu ashikilie kamera ukutani, wewe utazame simu, na msaidizi asimame getini. Kama uso wake hauonekani wazi kwenye skrini, sogeza.

Epuka kuiweka chini kabisa ya ukingo mweupe wa paa au ikigusa ukuta mweupe kwa pembeni. Taa za usiku zitagonga rangi hiyo na kurudi, na uwanja utageuka giza. Toboa, ingiza plagi, kaza. Kebo iache ining'inie kidogo kama tumbo chini ya tundu kabla haijaingia ndani, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya. Tundu lizibe kwa silikoni.

Ukanda wetu wa ziwa una radi nyingi. Usiweke kamera kwenye ncha ya nguzo ndefu kuliko vyote, na adapta ichomeke kwenye kinga ya umeme.

## Hatua ya 8: Funga na milango isiyoonekana

Akaunti kuu ya kamera ifunguliwe kwa simu yako na barua pepe yako, si ya fundi. Nasema hivi nikiwa fundi. Nimekuta nyumba ambako aliyefunga kamera miaka miwili iliyopita bado anaiona sebule ya watu. Badilisha nenosiri lililokuja nayo, washa uthibitisho wa hatua mbili, na watu wa nyumbani uwape ruhusa ya kutazama tu.

Elekeza kamera kwako. Dirisha la jirani lifunike kwa kile kipengele cha kuziba sehemu ya picha, na ikibidi mpeleke aone mwenyewe kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu picha za mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi. Mwenye duka, shule au nyumba za kupanga ajisajili na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na abandike tangazo kwamba kuna kamera.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwisho, kisha kila mwezi

Saa nne usiku, mtume kijana wa nyumbani apite getini amevaa kofia, kwa mwendo wa kawaida. Halafu akimbie. Kisha zima umeme wa ruta, apite tena. Asubuhi mpe picha hizo mtu asiyemjua, umwonyeshe na vijana wengine watatu, umwulize ni yupi. Akimtaja bila kusita, kazi imekwisha. Akisita, rudi hatua ya 2 na usogeze kamera, kabla hujafikiria kununua nyingine.

Baada ya hapo, jiwekee siku moja ya mwezi. Futa lenzi kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, ondoa utando wa buibui, maana usiku hung'aa na kuiamsha kamera kila upepo ukivuma. Futa paneli. Fungua rekodi ya siku tatu nyuma uone kama ipo kweli. Hajati wa Kibuli sasa ana kamera ndogo kwenye nguzo ya geti, mita 3 kutoka anaposimama mgeni, na kila mwisho wa mwezi hunitumia picha ya muuza maziwa wake akiwa anatabasamu.